Kipande cha Nane

2 Machi

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepumzika kidogo na cherehani ya kiwandani haikusumbui. Huku hatujambo. Bibi anakusalimu, anasema ule vizuri, usije ukarudi mwembamba kama uzi.

Kifurushi chako kimefika. Vipande vyako viwili vya blanketi nimevitandaza kitandani kando ya vyangu vitatu. Samawati yako ni nzuri kuliko yangu. Ila, mama, nimehuzunika. Ulipoondoka uliniahidi kwamba siku vipande vyote vinane vitakapoungana, utakuwa umerudi nyumbani. Leo nimejumlisha, juu kwa juu, chini kwa chini: 3/8 + 2/8 = 5/16. Hata theluthi hatujafika. Kwa mwendo huu utanikuta nina mvi.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mgongo unalalamika lakini haujagoma. Barua yako niliwasomea wenzangu wakati wa chakula, tukacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini.

Sasa, mama, hizo kumi na sita umezitoa wapi? Kuna blanketi la pili unanificha? Angalia kitandani. Vitatu na viwili ni vitano, na blanketi ni lilelile la vipande vinane. Kuviunganisha hakuvikondeshi. Muulize na mwalimu wako, asije akasema nakuharibia masomo. Na usihuzunike, mkataba wangu unaisha mwezi wa sita.

Mama yako

4 Aprili

Mama,

Shikamoo. Unaendeleaje? Sisi wazima, isipokuwa goti la bibi, na hilo unalijua.

Mwalimu amesema vilevile kama wewe. Alinipeleka ubaoni akanieleza kwamba namba ya chini inataja ukubwa wa vipande, na ukubwa haubadiliki kwa kuvijumlisha. Kwa hiyo tuna 5/8. Halafu nikatoa: 8/8 − 5/8 = 3/8. Vimebaki vitatu tu! Usijisumbue kutuma vingine, nitavishona mwenyewe nikitoka shule. Bibi amenipa gauni lake la zamani nilikate. Ananigombeza kwamba nakula sindano ikiwa mkononi.

Mwanao

12 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo, ila vidole vimetobokatoboka.

Nane kwa nane! Blanketi zima. Bibi amelitandika kitandani kwako na hataki mtu alikalie. Nimefagia chumba na kufuta dirisha. Sasa imebaki zamu yako.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na poleni kwa kungoja. Afya yangu ni nzuri. Nimechelewa kwa sababu kila nilipoanza kukuandikia, kalamu ilikuwa nzito.

Kiwanda kimepata kazi kubwa ya sare, na tumeambiwa anayeondoka sasa asitegemee kurudishwa. Tunauhitaji mkate huu, unajua. Itabidi nikae hadi Desemba. Wewe umeshona mpaka vidole vikatoboka, blanketi limekamilika, na mimi sipo. Nimevunja ahadi yangu, mama. Nisamehe.

Mama yako

14 Julai

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeacha kujilaumu. Bibi hajambo.

Sikufichi, nililia. Kisha nikanawa uso nikaenda shule. Niliporudi nilichukua mkasi mdogo nikaanza kufumua kipande cha mwisho, taratibu, nisikichane. Bibi akasimama mlangoni.

“Wewe mtoto, una akili kweli? Kazi yote ile?”

Nikamwandikia kwenye karatasi: 8/8 − 1/8 = 7/8. Aliisoma, akaketi, akanishikia upande mmoja ili nifumue vizuri.

Kwa hiyo, mama, blanketi halijakamilika. Hakuna ahadi uliyoivunja. Kipande chenyewe ndicho hiki nimekikunja humu kwenye kifurushi, kaa nacho. Nakuomba jambo moja tu: usikirudishe kwa posta.

Mwanao

3 Desemba

Mwanangu,

Hujambo? Bibi yako hajambo na goti lake? Mimi ni mzima wa afya.

Wenzangu wote wamekishika kipande chako, na msimamizi pia, akauliza nani kakishona. Nikamwambia. Nimekiweka juu kabisa kwenye begi, nikifika nisianze kukitafuta. Mwambie bibi atoe uzi wa samawati. Wewe tunga sindano, macho yangu siku hizi hayalioni tundu.

Usijibu barua hii. Haitanikuta huku.

Mama yako