Mlimau Niliouosha Mizizi

Mshauri mpendwa, msaada wako nauomba shingo upande maana sina mazoea ya kuomba, na shule niliishia la tatu, kwa hiyo ukiona herufi zimelala usinicheke, mimi ni bibi wa wajukuu saba. Nina mlimau niliupanda mwenyewe mwaka niliofiwa na mume wangu, una miaka ishirini na miwili, umepita bati la jikoni, na mwezi uliopita niliung'oa kwa mwanangu nikauleta kwa binti yangu, kwa sababu mkaza mwanangu aliniambia nikiwa na ufagio mkononi, "Mama, hapa ni kwangu, ukitaka kupanga vyombo kapange kwako," na mwanangu yupo, anakunywa chai, kimya kama hayupo. Nikasema sawa, naondoka na mti wangu. Akasema, "Uache tu mama, tutakuletea malimau." Aniletee mimi malimau yangu. Wachimbaji wawili wakauzunguka, wakautoa na donge kubwa la udongo, wanataka kulifunga kwa magunia, nikasema hapana, udongo wa kwake siutaki hata chembe, asije akasema nimemwibia, nikachukua mpira wa maji nikaiosha mizizi mpaka ikawa myeupe. Yule mchimbaji mkubwa akasema, "Bibi, huu unauvua nguo." Nikamwambia nimekuita kuchimba, sikukuita kuhubiri. Sasa nimeupanda kwa binti, nimeujazia samadi mbichi toroli zima, namwagilia asubuhi na jioni, na majani yanapukutika tu, na binti anataka tukate matawi nami sitaki, yule mwanamke akipita auone umekonda? Binti anasema kosa ni langu, mimi nasema ni la aliyenitoa. Niufanyeje, maana sina kingine changu, hata kitanda ninacholalia ni cha mjukuu.

Bibi wa wajukuu saba

Shikamoo, bibi.

Umeumizwa, na mwanao alipaswa kuweka kikombe chini aseme neno. Lakini mti haukukutukana. Donge lile ndilo lililoshika vimizizi vyembamba kama nywele, na hivyo ndivyo vinavyonyonya maji. Umeviosha ukavimwaga kwa kiburi, na uliambiwa.

Leo hii mpe binti msumeno. Nusu ya matawi yaondoke, na malimau yote, hata lile unalolionea huruma. Mizizi iliyobaki haiwezi kulisha mwili mzima. Samadi itoe yote, inaunguza. Acha kuuzamisha: chomeka kidole, ukikuta pakavu ndipo umimine ndoo mbili, polepole. Ufunge kwenye nguzo mbili upepo usiutikise, utundikie gunia upande wa jua kali, tandaza nyasi kavu chini lakini zisiguse shina. Na usiuhamishe tena, hata ukigombana na binti naye.

Baada ya wiki tatu kwangua gome kwa ukucha. Ukiona kijani, subiri, mti unaweza kukaa miaka miwili bila kuzaa. Ukikuta kahawia mpaka chini, mti umekufa. Hapo usimpigie mwanao simu kumwambia mkewe kaua mti wako. Mwambie umeuua wewe. Ukianza na hilo, huenda naye akapata mdomo wa kusema la kwake.