Mume wa Bibi Anakwenda Kung'olewa Jino

Jumatano, jioni. Mvua imekatika, Temeke yote matope, na mimi nimeridhika na nafsi yangu.

Kesho nampeleka mwanangu Idi mjini kwa daktari wa meno. Ana miaka mitano. Jino la nyuma limeoza, shavu limevimba, na dresa, msaidizi wa daktari pale zahanati, kasema likiachwa usaha utaenea. Mtoto akifumba mdomo mbele ya yule daktari Mzungu, tutarudi na jino letu. Kwa hiyo leo nimeshinda namwandaa.

Nilijua nitaweza. Watoto wangapi wa jirani nimewanywesha kwinini? Nikamketisha barazani, nikashika kijiko, nikajifanya daktari. Nikamwambia ukweli: atadungwa sindano, itauma kidogo, kisha ganzi. Hakulia. Lakini mdomo hakufungua.

Nikambembeleza. Nikamwahidi kashata. Wapi!

Mwishowe akaninong'oneza: "Niking'olewa, Bibi ataniacha."

Nilicheka, kisha nikaona haya, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mama mkwe wangu, kama bibi yeyote, humwita mjukuu wake "mume wangu". Juzi, aliposikia habari za jino, akamtania: "Mie mume kibogoyo simtaki, nitadai talaka yangu." Sisi wakubwa tukaangua kicheko. Mwenzetu akayaweka moyoni.

Mimi nahangaika na sindano, kumbe mtoto anaogopa kuachwa.

Nilikasirika kidogo, sifichi. Lakini mama mkwe hakaripiwi. Nikamfuata uani alikokuwa anakuna nazi, nikamwambia kwa adabu, "Mama, mumeo ana neno."

Akaja na mikono yake imejaa machicha. Alimsikiliza Idi mpaka mwisho, wala hakucheka. Kisha akaketi mkekani, akaachama mbele yake. Kule nyuma ni ufizi mtupu.

"Chungulia, mume wangu. Babu yako alinioa ninayo yote. Yakatoka moja moja, na hakuniacha."

Idi akachungulia kulia na kushoto. "Yaliuma?"

"Yaliuma. Yakaisha."

Mtoto akakichukua kijiko mkononi mwangu, akampa bibi yake, akafungua mdomo. Nikaliona lile jino, jeusi tii, na roho yangu ikatulia.

Nilikuwa nimepanga tuende wawili. Mama mkwe hataki kusikia. "Mie nami naenda," kasema. "Mume wangu simwachi."

Kesho huenda akalia. Mdomo atafungua.