Kikao cha Kuchagua Chai ya Maulidi

CHAMA CHA MAULIDI CHA KINAMAMA, MKUNAZINI, UNGUJA MJINI

Kumbukumbu za kikao kilichofanyika Jumapili, tarehe 2 Septemba 1956, ghorofani kwa Mwenyekiti, baada ya sala ya alasiri.

Waliohudhuria:
Bi. Mwanaasha binti Jecha, Mwenyekiti
Bi. Sichana binti Usi, Katibu
Bi. Kidawa binti Masoud, mjumbe, wifi yake Mwenyekiti
Bi. Mkubwa binti Jaku, mjumbe
Bi. Wanu binti Simai, mjumbe

Asiyehudhuria kwa udhuru:
Bi. Mwanakheir binti Sheha, mchanganyaji chai wa Chama. Amefiwa na mumewe na yumo edani, mwezi wa tatu.

KUMB. NA. 1/56: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa kwa Fatiha saa kumi na robo. Mwenyekiti alilalamika kwamba Bi. Mkubwa amechelewa. Bi. Mkubwa alijibu kwamba aliyejenga ngazi za nyumba hii hakuwa na magoti.

KUMB. NA. 2/56: SABABU YA KIKAO
Mwenyekiti alieleza kwamba chai ya Maulidi ya Mfunguo Sita imechanganywa na Bi. Mwanakheir kwa miaka kumi na minane, na sasa watu wanataka ladha mpya. Bi. Wanu aliuliza ni watu gani. Mwenyekiti alisema, watu.

Bi. Wanu alikumbusha kwamba Bi. Mwanakheir hana mtoto, na sasa hana mume, na kazi hii ndiyo pekee inayowafanya watu wapige hodi mlangoni kwake. Mwenyekiti alisema hakuna aliyemnyima. Kopo lake nalo lishindanishwe na ya wengine.

KUMB. NA. 3/56: UTARATIBU
Makopo matatu ya majani ya chai yaliwekwa mezani bila ya majina. Nambari ziliandikwa na Mwenyekiti mwenyewe. Chai ilipikwa ya rangi, kila kopo na birika lake.

Bi. Wanu, aliyekuja na kopo moja kwa kutumwa, aliomba kusema neno kabla ya watu kuonja. Alikatazwa, kwa kuwa kopo halisemewi. Alizuiwa pia kupiga kura, kwa kuwa anajua nambari moja ni ya nani. Mwenyekiti, anayezijua nambari zote tatu, alipiga kura. Katibu aliliona hilo na akaliacha lipite.

KUMB. NA. 4/56: MAONI YA WALIOONJA
Kopo la kwanza lilikuwa na mawaridi, zafarani na iliki. Mwenyekiti alisema harufu yake imefika kabla ya kikombe. Bi. Kidawa alisema imemkumbusha harusi yake. Bi. Mkubwa aliuliza, "Mimi hapa nnakunywa chai au nnakoga?" Katibu alisema ni nzuri, ila ukishameza unabaki na marashi kooni.

Kopo la tatu lilikuwa na mchaichai na ganda la chungwa lililokaushwa. Bi. Kidawa alisema hii ni dawa ya homa. Bi. Mkubwa aliisifu kwa muda mrefu sana, huku akisisitiza kwamba hajui ni ya nani.

Kopo la pili lilikuwa na majani, mdalasini na karafuu chache, basi. Chai yake ilitoka nyeusi. Bi. Kidawa alisema inakwaruza ulimi. Mwenyekiti alikiweka kikombe chini baada ya funda moja. Bi. Mkubwa alisema ina nguvu lakini haina furaha. Katibu alisema, "Hii chai ya matanga," na watu wakacheka. Iandikwe wazi kwamba neno hilo ni la Katibu.

Kura: kopo la kwanza, tatu (Mwenyekiti, Bi. Kidawa, Katibu). Kopo la tatu, moja (Bi. Mkubwa). Kopo la pili, hakuna.

KUMB. NA. 5/56: MAJINA
Majina yalisomwa. La kwanza ni la Bi. Kidawa. La tatu ni la Bi. Mkubwa, na hakuna aliyeshangaa. La pili ni la Bi. Mwanakheir.

Bi. Wanu aliruhusiwa sasa kusema. Alisema mwenye eda hagusi marashi: si mawaridi, si asumini, si zafarani, na chai ya Bi. Mwanakheir ya miaka yote hiyo ilikuwa na vyote vitatu. "Kanambia, waambie nimewachanganyia nilichoruhusiwa kukishika. Ndilo neno mlilonikataza."

Mwenyekiti alisema Chama hakionji udhuru, kinaonja chai.

KUMB. NA. 6/56: HOJA YA KURUDIA
Bi. Wanu alitoa hoja kwamba uamuzi usubiri mpaka eda iishe. Waliokubali ni Bi. Wanu na Bi. Mkubwa. Waliokataa ni Mwenyekiti na Bi. Kidawa. Katibu alikuwa akiandika na hakunyanyua mkono. Kura zililingana, hoja ikaanguka. Kazi ya kuchanganya chai alipewa Bi. Kidawa.

Katibu anakiri kwamba hapakuwa na jambo la kuandika wakati ule. Aliona haya kulirudisha neno lake mbele ya watu, na haya hiyo imemponza mwenzake.

KUMB. NA. 7/56: KUMPA HABARI
Ni desturi ya Chama kwamba asiyehudhuria husomewa kumbukumbu nyumbani kwake na Katibu. Mwenyekiti alipendekeza ziandikwe upya, kwamba kopo la pili liliingia unyevu njiani. Bi. Wanu, aliyelibeba, alisema asisingiziwe. Katibu alikataa kuandika hivyo. Mwenyekiti alimwambia, "Basi kamsomee, na hilo lako la matanga usiliruke."

KUMB. NA. 8/56: KUFUNGA
Kikao kilivunjika saa kumi na mbili kasorobo. Bi. Wanu alikwishaondoka bila ya kuaga.

Mwenyekiti: Hakutia saini.

Nyongeza ya Katibu: Zimesomwa kwa Bi. Mwanakheir Jumanne, tarehe 4, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema Katibu hakukosea, kwani hiyo ndiyo chai aliyowapikia waliokuja kumhani alipofiwa. "Na wewe, Sichana, siku ile ulikunywa vikombe viwili."

Katibu anathibitisha kwamba ni kweli.

Saini: Sichana binti Usi, Katibu