Udongo Mikononi mwa Zuwena

Jumamosi, 7 Machi 1981. Riyadh.
Mwaka wa kumi na saba tangu tuondoke Unguja. Chai, vidonge vya Zuwena, redio. Mke wangu hajasema neno tangu mwanetu Nassor atuhamishe kutoka Jeddah. Miezi minne. Kule Bani Malik, mtaa wetu wa Jeddah, alikuwa na makopo yake ya mimea juu ya paa. Nassor aliyaita takataka, yakabaki. Hapa mtaa wa Shumaisi amebandika karatasi nyeusi madirishani, majirani wasimwone mamake. Kiyoyozi kinanguruma kutwa. Daktari kaongeza vidonge. Nimechukia.

Jumanne, 10 Machi.
Nimemtoa. Teksi mpaka bondeni, nje ya mji, kwenye mitende. Saleh, Myemeni anayeangalia shamba moja, akatukaribisha bila maswali. Nikainama kupalilia, najifanya najua. Zuwena akanitazama, akafungua kinywa.
"Bwana we, hiyo unayong'oa ni rihani. Na vitabu vyote vile unavyosoma."
Saleh akacheka bila kuelewa. Mimi nililia. Sioni haya kuandika.

Jumamosi, 14 Machi.
Siku ya tano shambani. Zuwena anafungulia maji mifereji, anagombana na Saleh kwa ishara. Anakula. Analala bila kidonge.
Nassor kaona udongo kwenye kucha zake. Eti tunamwaibisha, mama wa mhandisi halimi shamba la watu. Mhandisi! Mihogo ya mama huyo ndiyo iliyomkuza.

Jumatatu, 16 Machi.
Katufungia. Kaenda kazini na ufunguo. Wazee wawili, kama kuku tunduni. Zuwena kageukia ukuta tena. Najichukia na mimi: miezi minne nilipekua vitabu vya tiba, sikuwaza kumpeleka penye mti.

Jumanne, 17 Machi.
Kafunga tena. Nimevunja kitasa kwa mchi wa kinu. Nassor alirudi adhuhuri, akatukuta ngazini na furushi la nguo.
"Baba, watu watasemaje?"
"Mamako amesema. Hukuwepo kumsikia."
Akasogea tukapita.

Ijumaa, 20 Machi. Shambani.
Mwenye shamba, mzee wa rika langu, ametupa chumba karibu na pampu. Kidogo, sakafu ya udongo. Zuwena huacha mlango wazi. Nassor alikuja baada ya sala, akauliza tutarudi lini. Mamake akamwambia avue viatu kwanza, anakanyaga mboga. Akavua. Akala nasi, akaondoka jua likiwa bado juu.
Shumaisi sirudi.