Jiwe la Mlango wa Mama

Mwenzangu, nimemfokea profesa. Mimi! Mbele ya wanafunzi wake wote.

Wale wageni waliokuja kusoma miamba na jinsi sisi wenyeji tunavyoyaona maumbile, leo waliletwa kwetu. Profesa akaliona lile jiwe jeusi la mama la kuzuia mlango. Akauliza, "Wazee wenu waliliheshimu vipi?"

Nikasema ukweli: mama alilisalimia kila asubuhi, "Umeamkaje, mvivu wewe?"

Wakaandika. Naapa, wote! Binti mmoja akaliinamia, akalisalimia vilevile kwa adabu zote. Nikauma midomo nisicheke, maana mama hana hata miezi miwili kaburini.

Kisha profesa akalibeba. Ati akalikate maabara, ajue lilitoka volkano gani. Kipande kimoja nitarudishiwa.

Kipande!

Nguo za mama tumeshagawa. Kitanda amechukua shangazi. Jiwe hilo ndilo kitu pekee kilichobaki pale pale alipokiweka mwenyewe.

Nikapaza sauti, "Liweke chini! Liweke chini, mtu mzima hovyo wewe!"

Sauti ilitoka ya mama kabisa. Kaka akachomoka chumbani na kiatu kimoja mguuni.

Profesa akaliweka taratibu. Yule binti akanyoosha mkono: "Samahani, maneno hayo husemwa na wanawake tu?"

Kaka akanitangulia kujibu. "Husemwa na mama tu," akasema. "Nilidhani amerudi."

Nakuandikia sasa hivi, nisije nikasahau sauti hiyo ilivyosikika.