Picha Zako Haziko Tena Chini ya Godoro

Binti yangu Nyambura,

Kabla hujaanza kunigombeza huko uliko, nisikize. Picha zako nimezitoa. Ile bahasha ya kaki, kubwa kama sinia, iliyokuwa chini ya godoro langu hapa mtaani Mountain View, haipo tena. Nimeitoa kwa mkono wangu. Unanijua, mimi silazimishwi.

Unakumbuka siku ulipopigwa picha ya kwanza pale hospitalini? Ulitoka kile chumba ukifunga vifungo vya blauzi, ukaniambia, "Mami, wamenifinya titi kama wanasukuma chapati." Tulicheka hadi askari wa mlangoni akageuka. Halafu ukaiinua picha kwenye dirisha tuione. Mimi niliona ukungu tu, kama wa Limuru asubuhi. Ukasema, "Hata mimi." Wajinga wawili na dirisha.

Muuguzi alituambia tuiache, kwamba daktari wa kusoma picha ni mmoja na ana siku zake. Ulikuwa unampa. Mimi nikaikamata. Nikasema, "Haibaki hapa. Hati ya shamba ya baba yake huyu ilibaki kwa ofisi ya serikali, mpaka leo inatafutwa. Daktari akija, tutaileta."

Muuguzi akasema, "Mama, daktari hawezi kusoma picha iko kwako nyumbani."

Nikamwambia anyamaze, kwamba nina viatu vilivyomzidi umri. Ukanivuta mkono wa sweta. "Mami, twende." Hukubishana nami. Maisha yako yote ulibishana nami, hata juu ya chumvi, na siku hiyo ndiyo ulichagua kuwa mtoto mzuri.

Tuliirudisha mara ya kwanza, daktari hayupo. Mara ya pili, yuko semina. Mara ya tatu tulikuta amemaliza, ameondoka. Kila mara niliibeba tena, nikaiweka chini ya godoro ili wapangaji wasiione. Miezi saba. Uvimbe haukungoja semina.

Ulimwacha mwanao Kamau darasa la sita. Sasa ana ndevu. Bado namwita bwanangu kwa sababu alibeba jina la baba yako, na bado anaona haya nikimwita hivyo mbele ya watu. Alisomea kompyuta. Serikali ikampa pesa, yeye na wenzake, watengeneze programu ya kusoma picha za matiti, ili mama akipigwa picha mahali hakuna daktari, kompyuta iseme hapo hapo: huyu asiende nyumbani. Walikodi chumba Ngara, juu ya duka la mablanketi. Alikuja kuniomba picha zako. Alisema kompyuta hufundishwa na picha za zamani ambazo mwisho wake unajulikana.

Nikamwambia, "Unataka kumvua mama yako nguo mbele ya watu?"

"Shosho, tunafuta jina kwanza. Na kompyuta haina mdomo, haitamsema kanisani."

Nilikataa mwaka mzima. Halafu nikapanda ngazi zile za Ngara mwenyewe, nikipumzika kila ghorofa, bahasha kifuani. Waliingiza picha ya kwanza, ile ya dirishani. Kompyuta ikachora duara jekundu. Daktari wao akasogea, akatazama, akasema ndiyo, ni hapo.

"Ilikuwa inaonekana, shosho," Kamau akasema. "Kadogo kama haragwe. Wangeisoma siku hiyo tu."

Tangu utoto amejua picha yako ililala hospitalini bila kusomwa. Nani alimwambia? Mimi. Akatengeneza kazi yake yote juu ya maneno yangu.

Pesa zilipokaribia kwisha, akaitwa mjini kwa wale wanaozigawa, awaeleze kwa nini waongeze. Nikaenda naye, nimevaa sare ya kina mama wa kanisa, nimekaa nyuma. Akasimama, akasema, "Picha ya mama yangu ilikaa hospitalini miezi saba bila kusomwa."

Nyambura, miguu ilisimama yenyewe. Nikasema, "Mwongo ni mimi, si yeye. Ilikaa kwangu. Chini ya godoro."

Mama mmoja mwenye miwani akaniuliza, kwa upole, na huo upole ndio uliniuma: "Kwa hivyo shosho, hata kompyuta isingeiona?"

Nikamwambia, "Ingechora lile duara wakati bado nimeishika mkononi, nisingetoka nayo mlangoni. Mimi ni mkaidi, si mwendawazimu. Duara ningeliona. Niliyoonyeshwa ni ukungu." Wakaandika. Watu hao huandika sana.

Kwenye ngazi Kamau hakunishika mkono. Akasema, "Ungeniambia mimi kwanza."

"Ungeniacha peke yangu."

"Si ungengoja uone."

Jibu la pesa lilikuja: mwaka huu hapana. Kompyuta wamezifunika kwa mablanketi ya yule mwenye duka la chini, na chumba kitarudishwa. Kamau alinipigia simu kuniambia hayo, akaniuliza kama nataka picha zirudi. Nikamwambia zikae na kazi yake, popote atakapoipeleka. Akasema, "Sawa, shosho," akakata. Jumapili tatu sasa hajaja kula hapa. Napika chakula cha wawili, kinachobaki nawamwagia kuku wa jirani.

Sikuandikii ili unisamehe. Hukunizoea hivyo, na mimi sikukufundisha. Nimekuandikia kwa sababu uliondoka ukidhani kosa ni la daktari, ukamlaumu yeye, na mimi nikakaa kando ya kitanda nikikubali kwa kichwa.

Godoro sasa limelala sawa. Mgongo wangu bado unatafuta ile bahasha.

Ni mimi mama yako, niliyeikamata.