Mbingu Niliyoishona Kinyume

Chumba cha Nyuma,
Dukani kwa Fundi Cherehani.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuacha, au bado mnalala chumba kimoja? Mama hajambo. Magoti ndiyo yanamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo. Mimi mzima wa mwili, ila roho haitulii. Hapa naandika nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya kukatia, na jicho moja liko kwenye pasi.

Nianzie kwa mpwa wako. Sisi wenyewe tulimpachika jina la Kasuku, kwa vile alikuwa hanyamazi. Basi tangu tumzike shemeji yako, hajatamka neno baba hata mara moja. Nami kwa kuogopa kumtonesha kidonda, nikapiga marufuku habari za kifo humu ndani. Hata kuku tukimchinja nasema ameondoka. Usicheke!

Sasa mwalimu wao wa sayansi si akamchagua yeye awaeleze wazazi habari za anga! Nilihangaika, kaka. Je, akisimama mbele za watu akaganda? Nikajitolea kushona hema la kitambaa cheusi lenye matundu ya nyota: watu wakae ndani gizani, taa ziwashwe nje. Nilidhani mikono ikipata kazi kichwa kitapumzika. Thubutu!

Unajua sisi mafundi, alama za chaki tunaweka upande wa nyuma wa kitambaa, uso ubaki safi. Mkono ukafuata mazoea. Nikainakili ramani ya mwalimu upande wa nyuma, nikatoboa nyota zote, nikashona uso safi ukielekea ndani watakakokaa watu, nikajisifu. Tulipoingia ndani kujaribu, Kasuku akatazama ramani, akatazama juu, akasema, "Mama, mbingu imegeuka. Lile kundi la nyota za Kilimia liko upande si wake, hata Njia ya Maziwa imepinda kinyume."

Nilitaka kulia. Dawa ilikuwa moja tu, kulipindua hema zima, na hapo mishono yote ingekaa ndani, machoni pa watu. Unanijua na mishono yangu. Nikazunguka hema nikinung'unika mpaka mtoto akachoka. "Gizani nani atauona mshono, mama?" Nikanywea, tukapindua.

Jana hema likajaa. Mimi nilishindwa kukaa, nikasimama mlangoni natafuna kucha. Kasuku akaanza kwa sauti ya chini, halafu ikapanda. Akazitaja sayari kuanzia Zebaki iliyo jirani na jua, akasifu pete za Zohali, akasema Mshtarii peke yake imezizidi ukubwa zote nyingine zikiwekwa pamoja. Akasema jua letu ni nyota ya kawaida tu, moja kati ya mabilioni katika galaksi yetu, na galaksi nazo hazina idadi. Mama akaguna, akauliza kwa nguvu nani atakayezifagia.

Ndipo yule kinyozi jirani yangu, mtu asiyejua kuchuja maneno, akauliza, "Na jua nalo litakufa?"

Ningekuwa na uzi ningemshona midomo pale pale.

Mtoto hakutetereka. "Litakufa, mzee. Nyota huzaliwa, huishi, hufa. Ila jua bado lina mabilioni ya miaka, wewe endelea kunyoa." Watu wakaangua kicheko. Mimi machozi yalinitoka, nashukuru lilikuwa giza.

Tulipofika nyumbani, kabla hata sijavua viatu, akaniuliza, "Mama, baba alikufaje?" Kaka, nilikuwa nikijificha nyuma ya mtoto. Aliyeogopa ni mimi. Nikamweleza yote ninayoyajua, tukalia, tukala.

Lakini kuna moja lilinishinda. Anataka kujua baba yake alisema nini mwishoni. Mimi nilikuwa nimekimbilia dawa, wewe ndiye uliyemshika mkono. Miaka yote hii sijathubutu kukuuliza.

Mama anakusalimu na kukuombea. Msalimie wifi, na yule mtundu wenu wa mwisho mfinye shavu kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa heri, popote mlalapo.

Barua hii ikikufikia nijulishe, Kasuku atakupigia simu jioni hiyo hiyo. Mjibu, kaka, usimfiche neno. Nitakuwa nimekaa pembeni yake, nikisikiliza.

Akupendaye daima,
Dada yako